Re: Kukaa kimya hekalu la Zen kunambadilisha mtu kweli?
Mkuu, umeuliza kama kule kukaa kimya kwenye hekalu la Zen (tawi la dini ya Kibudha) kunambadilisha mtu au ni kuchoma hela tu. Mi nilivyokuwa nasoma Japani nilikaa siku tatu kwenye hekalu la Soto, moja ya madhehebu ya Zen, njia ya Dogen, yule mtawa aliyeanzisha hekalu la Eiheiji mwaka 1244. Unaamshwa bado giza, unakaa unatazama ukuta unahesabu pumzi moja hadi kumi, ukipotea unaanza upya, sikuwahi kuvuka sita aisee, magoti yanawaka moto, ukisinzia mtawa anakuchapa begani na fimbo bapa (haiumi sana, aibu ndo inauma). Hasira sijapona. Ila juzi pale Sabasaba konda kanitolea maneno kisa chenji, nikahesabu hadi nne ndo nikamjibu. Hapa Dodoma usisubiri hekalu, tafuta ukuta na mto wa kukalia.