Watoto wa nguruwe wameachishwa tu, wanaharisha

SWALI: Dokta shikamoo. Nafuga nguruwe huku Chanika, watoto walipofikisha wiki nne nikawatenga na mama yao ili apandwe mapema, nikawa nawapa pumba za mahindi na soya nasaga mwenyewe. Siku ya tatu wote wanaharisha, migongo imechongoka. Jirani anasema niwape dawa ya minyoo. Nifanyeje?
Mfugaji, Chanika

JIBU: Marahaba. Kabla ya minyoo, nakuuliza: hiyo soya uliikaanga? Maana soya mbichi ina kitu kinachozuia tripsini, yaani kile kimeng'enya cha kongosho kinachovunja protini, na watoto wako wakati huu hawana tripsini ya kuchezea.

Iko hivi, kongosho la mtoto siyo kongosho la mkubwa lililopunguzwa saizi. Akizaliwa anakuta maziwa, na maziwa hayana wanga, yana mafuta, protini na sukari ambayo inavunjwa na utumbo wenyewe, sasa amilesi ya kuvunja wanga ya nini? Anakuwa nayo kidogo sana, inapanda taratibu anavyokua na anavyozoea kuonja nafaka. (Binadamu hivyo hivyo, kongosho la kichanga miezi ya mwanzo karibu halitoi amilesi, kwa hiyo akina bibi mnaokoroga uji wa mtoto wa miezi miwili mnisamehe tu.)

Halafu ukimtenga ghafla, vimeng'enya vya kongosho vinashuka kwa kama wiki hivi ndo vipande tena, na wewe wiki hiyohiyo ndo umemjazia pumba. Chakula kinateremka hakijasagika, bakteria wa utumbo mpana wanafanya sherehe, anaharisha.

Leo kama mama yao bado ana maziwa warudishe. Kama yameshakauka, wape maji safi yenye chumvi na sukari, uji wa mahindi ulioiva vizuri na dagaa waliosagwa, kidogo kidogo mara nyingi, soya uitoe kwanza. Na mwite afisa mifugo wa kata aje awaone, kuharisha kwa umri huu kunaua haraka na huenda wakahitaji antibayotiki.

Uzao ujao anza kuwawekea chakula kidogo pembeni, mama asipofika, kuanzia wiki ya pili, na uwaachishe kwenye wiki ya nane. Najua unataka mama apandwe mapema, ila piga hesabu ya watoto watakaokufa. Dawa ya minyoo ina siku yake, leo haitakuongezea kimeng'enya hata kimoja.