Chipsi za oveni kulegea: mimi nililaumu oveni, kumbe ni maji

Mwenye uzi, umesema chipsi zako za oveni zinalegea katikati huku ncha zimeungua, na sasa unafikiria kubadilisha oveni. Subiri kidogo. Mimi nilihangaika na hilo karibu mwaka mzima, kila nikipika napandisha moto, na kila nikipandisha ncha zinazidi kuwa nyeusi.

Tatizo ni maji. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo kiazi kikiwa na unyevu kwa nje, hata oveni ikiwa 220, sehemu hiyo inabaki karibu na hiyo mia mpaka ikauke. Rangi ya dhahabu haiji hapo. Unachofanya ni kuvichemsha viazi kwa mvuke wao wenyewe.

Siku iliyonifungua macho nilikuwa na wageni, nikashindilia kilo na nusu kwenye trei moja ili nimalize haraka. Zilitoka kama viazi vya kupondwa, tukala hivyo hivyo kwa uma. Mara iliyofuata niligawa trei mbili, kila kipande kikiwa na nafasi yake pembeni, halafu katikati ya mapishi nikazibadilisha, ya juu chini na ya chini juu. Viazi vilevile, oveni ileile, tofauti kubwa.

Sasa hivi nachagua viazi vyenye wanga mwingi, vile ambavyo vikichemshwa vinapasuka na kuwa vya unga. Vile vinavyobaki vigumu na kung'aa viweke kwa ajili ya saladi. Nakata unene wa sentimita 1, na hapa usifanye haraka: kipande chembamba kikichanganyika na kinene, chembamba kitaungua kikimsubiri mwenzake. Nadhani hizo ndizo ncha zako.

Halafu nasuuza mpaka maji yasiwe meupe, nachemsha dakika kama 8 kwenye maji yenye chumvi na siki, siki yenyewe vijiko 2 vya chakula kwa lita 2 za maji. Siki haisikiki mdomoni, kazi yake ni kuzuia viazi visivurugike. Wengi wanaruka hatua ya kuchemsha, na kweli chipsi zinaiva bila hiyo, ila ndani haziwi laini vile.

Namwaga maji, naziacha kwenye chujio zitoe moshi mpaka uishe, kisha nazikausha kwa kitambaa safi. Hapa ndipo nilipokuwa nafanya uvivu. Ukizigusa vidole vikilowa, bado.

Mafuta ni vijiko 2 hadi 3 kwa kilo ya viazi, changanya kwa mkono kila kipande kipate. Ukizidisha zinakuwa nzito tu. Trei yenyewe iwe imeshapata moto ndani ya oveni, ukimwaga chipsi usikie zinalia. Nyuzi 220, au 200 kama oveni yako ina feni. Usiziguse dakika 15 za mwanzo. Ukigeuza mapema zinang'ang'ania trei na kuchunika. Ukishageuza, dakika 10 hadi 15 nyingine, na katikati fungua mlango sekunde chache mvuke utoke. Utashangaa wingu litakalokupiga usoni, kwa hiyo rudi nyuma kwanza, mwenye miwani ndiyo usiseme.

Chumvi ya kunyunyiza ni mwisho kabisa, zikishatoka. Ukinyunyiza kabla ya kuoka inavuta maji nje na unarudi ulikoanza.

Kitu kingine ambacho hukutaja: viazi unaviweka wapi? Kama ni kwenye friji, vitoe. Kwenye baridi wanga wake unageuka sukari, na sukari ndiyo inayoungua kabla kiazi hakijaiva. Weka mahali penye giza na hewa, pasipo baridi kali. Mimi nilipovihamisha tu, weusi ulipungua hata kabla sijarekebisha ukataji.