Wadogo zangu waamuzi, acheni kusawazisha

Mbukwenyi, wadogo zangu mnaoanza kushika filimbi ya mpira wa kikapu. Jumamosi iliyopita nilikaa nyuma ya meza ya makarani hapa Dodoma, upepo ukitujaza vumbi machoni. Mmoja wenu akampigia mchezaji "kutembea", yaani kupiga hatua bila kudunda mpira, wakati hakutembea. Haikupita dakika, akampigia mchezaji wa timu pinzani faulo isiyokuwepo, ili kufidia. Mapumziko akamfuata mwenzake akitabasamu: "Nimesawazisha." Wakagonga tano. Nawapenda sana, lakini hilo limenikosesha usingizi.

1. Hesabu ya faulo peke yake haithibitishi upendeleo. Kila msimu wa mtoano mnaniletea, kama ushahidi wa upendeleo, mchezo wa sita wa Lakers na Kings, fainali ya Magharibi ya NBA, ligi ya Marekani, mwaka 2002. Ni kweli, robo ya nne Lakers walipiga mitupo huru 27 na Kings 9, mchezo ukaisha 106 kwa 102, Divac na Pollard wa Kings wakatolewa kwa faulo sita. Hata mimi unaniuma. Lakini timu inayomlisha jitu kama Shaquille O'Neal wa Lakers chini ya goli haitegemewi kulingana mitupo na kila mpinzani. Kaeni na video, filimbi moja moja, pamoja na zile ambazo hazikupigwa. Tangu 2015 NBA hutoa ripoti ya dakika mbili za mwisho kwa michezo iliyokaribiana, na refa aliyenyamaza pasipostahili anaandikiwa kosa vilevile.

2. Si kila refa anayekosea amenunuliwa. Tim Donaghy, refa wa NBA, alicheza kamari kwenye michezo aliyoichezesha mwenyewe, na mwaka 2008 akahukumiwa miezi 15 jela. Huyo alikuwa mhalifu. Ninyi hatari yenu iko kwingine.

3. Kusawazisha. Hapa nisikilizeni.

Ilikuwa nusu fainali, mchezo wa tatu, kila timu imeshinda mmoja. Zimebaki kama dakika tatu, wenyeji wanaongoza kwa pointi nne. Nipo chini ya goli. Mshambuliaji wa wenyeji akaingia kwa kasi, beki wa wageni amesimama, miguu yote miwili chini, akapigwa kifuani. Faulo ya mshambuliaji, wazi kabisa. Mikono yangu ikaenda kiunoni, ishara ya kuzuia, nikampa beki faulo. Nilijua nimekosea kabla sijafika mezani kutoa ishara. Mitupo miwili ikaingia, tofauti ikawa sita. Kocha wa wageni hakupiga kelele hata kidogo, alinitazama tu akakaa.

Kuanzia hapo sikuwa nachezesha, nilikuwa natafuta pa kulipa. Wenyeji wakamwingiza playmeka wao, kijana aliyekuwa na faulo nne. Shambulizi la kwanza tu akanyoosha mkono kuufuata mpira, akaugusa mpira, nikapiga filimbi. Faulo ya tano, na kwetu mchezaji hutolewa kwa tano, si sita kama NBA. Nakumbuka moyo wangu ulitulia. Nilihisi nimetenda haki! Kijana akatoka akiuma fulana, akakaa mwisho wa benchi, hakuna aliyewaletea mpira tena. Wageni wakashinda kwa pointi moja.

Usiku ule mtu akanitumia video ya simu. Niliirudia mpaka chaji ikaisha.

Miaka ya baadaye nikasoma utafiti wa Price, Remer na Stone, wa 2012, kuhusu marefa wa NBA. Walitenganisha mipira inayopotea kwa uamuzi wa refa, kama kutembea na faulo ya mshambuliaji, na ile inayopotea bila refa kuhusika, kama pasi mbovu. Kwenye ile ya refa, filimbi ziliegemea wenyeji, timu iliyo nyuma kwenye mchezo, na timu iliyo nyuma kwenye mfululizo wa mtoano. Nikaona nusu fainali yangu yote mle ndani. Filimbi ya kwanza niliwapa wenyeji, ya pili nikawapa walio nyuma, na hakuna aliyenipa hata soda.

4. Mengine kwa kifupi. Ukikosea, mwambie kocha "hiyo nimeikosa", kisha geuka ukachezeshe. Kabla ya mchezo kubalianeni na mwenzako nani anaangalia eneo gani. Mshangilio ukipanda, chelewesha filimbi pumzi moja. Msitazame ubao wa matokeo kabla ya kupiga faulo.

5. Ukimkosea mchezaji, mtafute. Mimi nilichelewa wiki tatu. Nilimkuta yule kijana akifanya mazoezi peke yake jioni, nikamweleza yote: jinsi nilivyowabeba kwenye faulo ya kwanza, jinsi ile ya kwake ilivyokuwa malipo. Akaushika mpira kwapani, akafikiri.

"Kaka refa," akasema, "hiyo ya kwanza mimi wala sikuiona. Nilikuwa benchi."