Swali la lugha: Wakulima “walisubiri kwa pumzi iliyobanwa”?

Swali: Nasomea tafsiri hapa Dodoma. Katika habari ya Kiingereza kuhusu wakulima wa Bahi wanaongoja mvua nilikuta “waited with bated breath”. Niliandika “walisubiri kwa pumzi iliyobanwa”, mhariri akaifuta. Kosa liko wapi, na niandike nini?

Jibu: Mhariri yuko sahihi. Kwa Kiswahili anayebana pumzi huibana kweli: mzamiaji, au mgonjwa anayepigwa eksirei ya kifua akiambiwa “vuta pumzi, bana, haya pumua”. Msomaji wako atawaona wakulima wamefumba midomo shambani.

Hata Kiingereza chenyewe hapo hakisemi kubana. “Bated” ni “abated” iliyokatwa kichwa, yaani iliyopunguzwa. Wapo Waingereza wanaoiandika “baited”, kana kwamba ni habari ya chambo. Shakespeare aliitumia katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina Mabepari wa Venisi (1969). Mle Shylock, mkopeshaji fedha, anamuuliza Antonio, mfanyabiashara anayetaka mkopo, kama ainame na kusema naye kwa pumzi ndogo, kama mtumwa. Pale ni unyenyekevu. Siku hizi ni kusubiri kwa shauku au wasiwasi.

Na wasiwasi huo Waswahili hatuuweki kwenye pumzi. Tunauweka rohoni, moyoni, hata tumboni. Mbegu zikiwa ardhini na wingu halionekani, wakulima wa Bahi “walisubiri mvua roho juu”. Andika hivyo. Pumzi iache mpaka mvua inyeshe, ndipo “washushe pumzi”.

“Kwa hamu na ghamu” inafaa pale panapotarajiwa heri, mathalani wazazi wanaongoja matokeo ya kidato cha sita. Ghamu peke yake ni huzuni, lakini ikiandamana na hamu nahau nzima ni ya shauku. Kumpa anayesubiri hukumu ya kesi ni kumkosea. “Matumbo joto” ni ya mwenye cha kupoteza, ndiyo maana magazeti huipenda baraza la mawaziri linapokaribia kupanguliwa. Ina utani ndani yake, kwa hiyo usiipeleke kwenye habari ya msiba wala waraka wa ofisi.

Angalia pia “out of breath”, maana hapa makosa ni mengi. Aliyekimbilia daladala anahema, au anatweta ikiwa kifua kinapanda na kushuka. Akishindwa kabisa kuendelea, ameishiwa pumzi. Ukiandika “amekata pumzi”, msomaji anakumbuka “amekata roho”, na huyo ni maiti.

“Don't hold your breath” nayo haina pumzi kwetu. Anayeahidiwa deni litalipwa kesho na mtu asiyelipa, mwambie “utasubiri sana”, au “usitegemee” ukitaka upole.