Kabla ya kumuuliza muuza samaki, uliza birika lako

SWALI: Shikamoo mzee. Nina watoto wawili, naishi Kigamboni. Mwezi wa tatu mume wangu aliniletea tangi la kioo, sentimita 90 kwa 40 kwa 45. Nikaenda dukani nikanunua samaki wadogo aina ya neoni 20, samaki wa dhahabu wawili, mbuna wa njano wanne na yule mmoja mweusi wa kusafisha kioo. Nikapanda na mimea. Tulijaza maji ya kisima asubuhi, jioni samaki wakaingia. Siku ya sita neoni wakaanza kufa, na wiki ya pili haijaisha hakubaki hata mmoja. Mimea nayo imeng'olewa, inaelea. Muuzaji ananiambia ninunue dawa. Mimi nataka tangi la kijani kama bustani, na samaki wadogo wanaotembea kwa kundi. Nimekosea wapi?
Mama wa wawili, Kigamboni

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Dawa usinunue, maana samaki wako hawakuugua.

Kabla sijasema lolote juu ya samaki, nenda jikoni ukafunue birika. Shemeji yangu anaishi upande wenu, na birika lake kwa ndani utadhani limepakwa chokaa. Ukienda kunawa kwake, sabuni haitoi povu mpaka mkono uchoke. Hayo ndiyo maji magumu, yamebeba kalsiamu na magnesiamu, na visima vingi vya pwani vinaongeza na chumvi juu yake. Kama birika lako liko hivyo, basi limeshakuchagulia samaki.

Neoni asili yake ni vijito vya Amazon, huko Peru, Kolombia na Brazili. Maji ya kule ni laini, ya kivulini, mara nyingi yana rangi ya chai kwa majani yanayooza ndani yake. Anapenda nyuzi 22 mpaka 25. Mwezi wa tatu Dar, tangi linafika nyuzi 30 hata kama jua halijaligusa. Mbuna ni kinyume chake. Huyo ni wa miamba ya Ziwa Nyasa, jina lenyewe ni la Watonga wa Malawi, na maji ya kwao yana pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji ambacho katikati yake ni 7, ya karibu 8, kwa hiyo kisima chako hakimsumbui kabisa. Ila ni mgomvi, na mbuna wengi wanashinda wakiparura mwani kwenye mawe. Mmea laini kwao ni mboga. Samaki wa dhahabu ni wa maji ya baridi, halafu anafukua chini kama kuku. Na huyo mweusi wa kusafisha kioo, ambaye leo analingana na kidole chako, anaweza kufika sentimita 30 na kupita, na kinyesi anachotoa ni kingi kuliko uchafu anaouondoa. Sijui kwa nini bado wanamuuza kama mfanyakazi wa ndani.

Lakini hata ungechagua vizuri, siku ya sita ingekuja tu. Samaki anatoa amonia, na amonia ni sumu. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea inaila. Bakteria hao wanahitaji wiki 4 mpaka 6 kujaa kwenye sponji ya chujio. Wewe uliingiza samaki 27 kwa siku moja kwenye maji ambayo hawamo. Na kisima chako kilizidisha: maji yakiwa na pH ya 8, sehemu ya amonia iliyo sumu inakuwa karibu mara kumi ya ile ya pH ya 7.

Usijione mjinga. Mimi nilishafuga miaka kumi, nikaua tangi zima kwa usafi. Niliona sponji imekuwa ya kahawia, nikaipeleka kwenye bomba lenye maji ya klorini, nikaisugua mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Siku ya nne alfajiri nikawakuta wote wako juu, midomo wazi, wanahema. Bakteria wangu wote walikuwa wameshaenda na maji ya karo. Sponji inasuuzwa ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, unaikamua mara mbili tatu, unairudisha ikiwa bado ya kahawia.

Tuanze upya, basi. Mbuna, wale wa dhahabu na huyo mweusi watafutie mfugaji mwingine. Usiende kuwamwaga mtoni. Tangi lako kwa vipimo ni lita 162, ukitoa mchanga na nafasi ya juu unabaki na kama 140. Panda kwanza mimea isiyoogopa maji magumu. Valisneria, yenye majani marefu kama utepe, inaota yenyewe hata Ziwa Tanganyika, ipange nyuma. Anubiasi ni ya Afrika Magharibi na ya Kati, jani lake gumu, haitaki taa kali. Hiyo usiifukie: lile shina nene linalolala ukilizika kwenye mchanga linaoza. Lifunge kwenye jiwe kwa uzi wa kushonea, mizizi italishika jiwe yenyewe. Tupia na seratofilamu, ule mmea usio na mizizi unaofanana na burashi ya kuoshea chupa. Unakua haraka na unafyonza amonia kuliko mwingine wowote ninaoujua. Taa iwake kwa muda wa saa 7 kila siku, na tangi liwe mbali na dirisha, la sivyo utafuga mwani.

Washa chujio, dondosha chakula punje chache kila siku kana kwamba samaki wamo, usubiri. Ukimpata mwenye tangi la zamani akakupa kipande cha sponji yake chafu, kichomeke kwenye chujio lako na utaokoa wiki kadhaa. Watoto watauliza kila siku samaki wako wapi. Waonyeshe konokono.

Baada ya hapo anza na samaki wadogo aina ya gapi, madume 8, wiki mbili baadaye ongeza wengine aina ya moli, 5. Hawatembei kwa nidhamu ya neoni, sikudanganyi, lakini gapi wanane wakipita pamoja mbele ya valisneria, mikia inawaka, mgeni anasahau chai yake. Nasema madume kwa sababu jike mmoja aliyeshika mimba dukani atakujazia tangi kabla ya Krismasi. Moli ni wa Mexico na nchi jirani zake, hata maji yenye chumvi kidogo anayaweza, na mwani anautafuna. Ila maji ya kisima ukiyaonja yakawa ya chumvi kabisa, changanya nusu kwa nusu na ya mvua, ukiiacha mvua ya kwanza ioshe bati.

Sasa joto. Funua mfuniko, elekeza feni ndogo juu ya maji, weka na wavu ili wasiruke nje. Nyuzi 2 au 3 zinashuka. Lakini angalia: kinachopaa ni maji matupu, chokaa na chumvi vinabaki. Ukifidia yaliyopungua kwa maji ya kisima, kila wiki tangi linazidi kuwa gumu. Fidia kwa maji ya mvua. Ya kisima tumia siku ya kubadilisha robo ya maji.

Kuna njia nyingine, ingawa hukuniuliza. Nilianza kazi ya uvuvi Kigoma. Ukitulia kwenye mtumbwi asubuhi kabla upepo haujaamka, mawe ya chini unayaona kama yako kiganjani. Kuna samaki wa Ziwa hilo la Tanganyika hazidi sentimita 5, anaitwa Neolamprologus multifasciatus. Nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Anazaa humo, anagombana na jirani humo, usiku analala humo. Maji yako angeyapenda mno. Bustani yako, hapana: anahamisha mchanga kwa mdomo kutwa nzima, na ni anubiasi ya kwenye jiwe tu itakayopona. Siku ukichoka na gapi, niandikie tena.

SWALI: Mzee wangu, pembeni ya ziwa magugumaji yamechanua, maua ya zambarau mazuri sana. Naweza kuyatia kwenye tangi langu la sebuleni?
Kijana wa Mwanza

JIBU: Hapana, na usiingie majini kuyafuata. Gugumaji limetoka Amerika Kusini, limeonekana Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na linastawi kwa jua kali la wazi. Sebuleni litanyauka, na kabla ya kunyauka litaweka kiza juu ya kila ulichopanda chini. Kinachonitisha zaidi ni mizizi. Ile inayoning'inia kama manyoya meusi ni makazi ya konokono, wakiwemo wa kichocho. Konokono aliyeambukizwa anaendelea kutoa vijidudu kwa wiki nyingi, hata akiwa ndani ya kioo chako, nawe unaingiza mkono kupanga mawe. Nenda kwa mfugaji mwenzio akukatie valisneria. Huwa inatuzidi, tunaitupa.

SWALI: Naishi Mafinga. Mwezi wa saba maji yangu yanashuka mpaka nyuzi 16. Nina samaki sita aina ya plati kwenye tangi la lita 80. Ninunue hita?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Nunua, ya wati 100, iweke kwenye nyuzi 23, karibu na mdomo wa chujio ili joto litembee. Siku ya kupunguza maji ichomoe kwenye umeme, ngoja robo saa ipoe, ndipo uvute maji. Hita ya kioo ikibaki nje ya maji inawaka, kisha ukairudishia maji ya baridi, inapasuka. Mimi nimeshapasua mbili, ya pili mke wangu akiwa amesimama pale pale ananikumbusha kuichomoa.