Maswali ya Wasomaji: Minyororo ya Chuma ya Kifaru cha T-34

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaunda modeli ya kifaru cha Kisovieti cha T-34 kwa kipimo cha 1/35. Niliinunulia minyororo ya chuma badala ya ile ya mpira iliyokuja ndani ya boksi, lakini waya wa kuungia hauingii katika matundu, na pingili chache nilizofaulu kuziunga zimekakamaa kama fimbo. Je, nizibandike kwa gundi tu? Na kila upande unahitaji pingili ngapi? — M.S.

JIBU: Ndugu M.S., usibandike pingili kwa gundi, kwa kuwa utapoteza faida yote ya kutumia chuma. T-34 haina magurudumu madogo ya kuubeba mnyororo juu; sehemu ya juu hulala juu ya magurudumu makubwa matano ya kila upande, na kwa sababu gurudumu la kuvuta liko nyuma, kifaru kinapokwenda mbele mnyororo hukazika chini na kulegea juu. Mpira hauigi ulegevu huo kwa urahisi, lakini chuma hujilaza kwa uzito wake, mradi kila kiungo kicheze.

Ukakamavu unaouona kwa kawaida hutokana na matundu. Pingili hizi hutengenezwa kwa kumimina madini laini katika kalibu, na mabaki membamba huziba njia ya waya. Yazibue yote kabla hujaunga hata pingili moja, kwa keekee ndogo ya kuzungushwa kwa vidole, yenye ncha iliyozidi unene wa waya kidogo tu. Keekee ya umeme huenda mbio mno na hupotoka kirahisi ndani ya madini laini. Waya nao unyooshe kwa kuuviringisha mezani chini ya rula ya chuma, kisha ukate ncha yake mshazari. Kazi hii inachosha, nami sijui njia ya mkato inayofaa.

Ingiza waya kutoka upande wa ndani, unaotazamana na bodi, uukate ukiwa mfupi kidogo kuliko upana wa pingili, na uzibe mdomo wa tundu kwa tone dogo la gundi kali lililochovywa kwa ncha ya sindano. Gundi ikipenya hadi kwenye kiungo, pingili itaganda. Upande huo ndio pini za kifaru halisi zilikoingizwa: vichwa vyake vilikuwa ndani, bila kifungo cha kuvizuia, na pini iliyochomoza ilirudishwa mahali pake na kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye bodi, ambacho iligongana nacho kila ilipopita.

Kuhusu idadi, mnyororo wenye upana wa milimita 500, ambao katika modeli yako ni milimita 14 na ushei, ulikuwa na pingili 72 kila upande: 36 zenye pembe katikati na 36 bapa, zikipishana. Gurudumu la kuvuta la T-34 halina meno kama ya gia. Lina roda sita ndani yake, na roda hizo ndizo husukuma pembe. Kwa hiyo mnyororo ukiwa mrefu mno, ondoa pingili mbili pamoja, moja ya kila aina. Ukiondoa moja, pingili mbili za aina moja zitafuatana na pembe hazitakutana na roda. Kabla ya kuondoa chochote, jaribu kwanza kusogeza gurudumu la mbele, ambalo hata katika kifaru chenyewe ndilo la kukazia mnyororo.

Rangi iache hadi mwisho. Osha mnyororo kwa sabuni, uusuuze, kisha uutumbukize katika dawa ya kutia chuma weusi, ukiwa umevaa glavu na kufungua madirisha. Ukishakauka, pitisha msasa laini juu ya miinuko inayokanyaga ardhi na njia inayopitiwa na magurudumu, na mng'ao utakaojitokeza utakuwa wa chuma kweli. Madini haya mara nyingi huwa na risasi, kwa hiyo usile ukiwa kazini, na nawa mikono umalizapo.

Jambo ambalo hukuliuliza: minyororo hii ni mizito kuliko ile ya mpira, na mikono ya plastiki inayoshika magurudumu huweza kung'oka. Igandishe barabara na uiache siku nzima kabla ya kuivisha mnyororo.