Maswali yenu: Chama cha wenye viwanda vya dawa kinasaidia nini hasa?

Tangu nilipogusia viwanda vya dawa, chanjo na vifaa tiba vya Afrika Mashariki, barua hazijakatika. Nyingi zinauliza kuhusu vyama ambavyo wenye viwanda hivyo wameviunda, kuanzia vya kitaifa hadi shirikisho lao la Afrika Mashariki. Ndefu nimezifupisha, na zilizofanana nimezijibu pamoja.

Ni mhasibu katika kiwanda kidogo cha dawa za maji. Kila mwaka naandaa malipo ya ada ya chama na kila mwaka najiuliza tunapata nini. – Msomaji, Kibaha

Hilo ni swali la mhasibu hasa, na ningependa wahasibu wengi zaidi waliulize. Kipimo changu ni hiki: je, chama kinafanya kazi yoyote ambayo kiwanda chenu hakiiwezi peke yake, na ambayo hata mshindani wenu anaihitaji? Ikipatikana moja, ada imelipa.

Chukua kodi. Dawa iliyokamilika ikitoka India kwa kawaida huingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha, na ni sawa, mgonjwa anaihitaji. Lakini kiwanda cha hapa kinachoagiza chupa, vifuniko, karatasi za kufungia vidonge na vipuri vya mashine kimelalamika miaka nenda rudi kwamba yeye ndiye anayekutwa na tozo, na hata pale anapostahili kurejeshewa VAT, fedha zinachelewa. Kiwanda kimoja kikiandika barua wizarani, barua inapokelewa, inagongwa mhuri, basi. Chama kikipeleka hesabu za viwanda kumi, bidhaa kwa bidhaa na namba yake ya forodha, kabla mawaziri wa fedha wa nchi wanachama hawajakutana kujadili viwango kuelekea bajeti, hapo kuna cha kuzungumza. Ushuru wa pamoja huamuliwa kwa pamoja, kwa hiyo chama cha Dar es Salaam peke yake hakitoshi. Bila wenzake wa Nairobi na Kampala, hoja itafia njiani.

Kwa hiyo mtafute katibu wa chama umuulize: mwaka jana mlipeleka pendekezo gani, kwa nani, na liliishia wapi? Akikuonyesha picha za kongamano tu, mrudishie swali.

Dawa yetu imesajiliwa Nairobi miaka mingi. Mbona kuiuza Kampala au Kigali ni kuanza upya? Si tuliambiwa soko ni moja? – Afisa usajili, Nairobi

Soko ni moja kwa sukari na saruji, angalau kwenye makaratasi. Kwa dawa, kila nchi ina mamlaka yake: ninyi mna Bodi ya Famasia na Sumu, Tanzania ina TMDA, Uganda ina NDA, Rwanda nayo ina ya kwake. Kila mamlaka ina ada zake, foleni yake na wakaguzi wake, na kila moja inawajibika kwa bunge lake mtu akidhurika. Wivu huo wa madaraka una sababu.

Mwaka 2012 Jumuiya ilizindua mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa. Jalada la maombi likawekewa muundo mmoja, wataalamu wa nchi mbalimbali wakaanza kukaa meza moja kulichambua, na viwanda vikaanza kukaguliwa na timu za pamoja. Tanzania ilipewa kuongoza uchambuzi wa majalada, Uganda ukaguzi wa viwanda. Kazi hiyo naiheshimu sana, na haijasifiwa inavyostahili.

Tatizo liko mwishoni mwa njia. Kikao cha pamoja kikishasema dawa hii inafaa, hicho bado si cheti. Unarudi kugonga mlango wa kila nchi, unalipa ada ya kila nchi, unasubiri. Mwenye kiwanda anapiga hesabu: mauzo ya nchi ndogo kama Burundi hayarudishi hata gharama za usajili. Anaiacha. Mgonjwa wa Bujumbura anabaki bila dawa iliyokwisha kuchambuliwa na kukubaliwa.

Hapa ndipo chama kina kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Kikusanye kwa wanachama wote tarehe ya pendekezo la pamoja na tarehe ya cheti kwa kila nchi, kisha kila mwaka kichapishe muda uliopita, nchi kwa majina yake, viwanda bila majina. Kiwanda peke yake hakithubutu. Ofisi unayoilalamikia leo ndiyo itakayokuja kukagua stoo yako mwezi ujao. Chama hakina stoo ya kukaguliwa.

Mnaouliza kuhusu Wakala wa Dawa wa Afrika: mkataba wake ulipitishwa 2019, ukaanza kutumika Novemba 2021, na makao makuu yako Kigali. Haukuja kufuta mamlaka za nchi. Nguvu yake itategemea nchi kukubali kutegemea kazi ya mwenzake, na msingi wa kufanya hivyo upo. Mamlaka ya Tanzania, wakati huo ikiitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu kati ya nne ambazo Shirika la Afya Duniani hupimia uimara wa mamlaka za dawa, mwaka 2018. Rwanda ilifika 2024. Sasa mkaguzi wa ngazi hiyo akishapitisha kiwanda, jirani anarudia ukaguzi kutafuta nini?

Niko Lowell, Massachusetts. Wakenya wengi hapa tunafanya kazi za zamu kwenye kampuni za dawa. Hawa waliwezaje kujenga sekta kubwa hivi, na chama chao kilichangia nini? – Msomaji, Marekani

Utashangaa, walianza kwa ugomvi. Mwaka 1976 baraza la mji wa Cambridge, jirani na Boston, likiongozwa na meya Alfred Vellucci, lilisimamisha kwa miezi kadhaa aina fulani za majaribio ya kuunganisha vinasaba pale kwenye vyuo vya Harvard na MIT. Ikaundwa kamati ya raia wa kawaida, na mwaka 1977 mji ukapitisha sheria yake. Wengi walidhani sheria hiyo itafukuza wawekezaji. Kumbe mwekezaji alichotaka ni kujua mstari uko wapi. Kampuni ya bayoteknolojia ya Biogen, iliyoanzishwa 1978 kule Geneva, ilihamia Cambridge miaka michache tu baadaye.

Mwaka 1985 kampuni za bayoteknolojia ziliunda baraza lao, ambalo leo linaitwa MassBio. Mawili katika kazi zake ningeyaiba bila aibu. La kwanza ni mpango wa manunuzi: wanachama wanapata punguzo la vifaa na huduma za maabara kwa sababu chama kinajadili bei kwa niaba ya wote. La pili linanifurahisha zaidi. MassBio huzipanga halmashauri za miji kwa madaraja, kuanzia shaba hadi platinamu, kwa kuangalia kama mji umetenga ardhi kwa maabara na viwanda vya aina hiyo, na kama maji, majitaka na vibali viko tayari. Miji inagombania daraja. Fikiria Kibaha, Thika na Mukono zikishindana hivyo!

Mwaka 2008 jimbo likapitisha sheria ya kuwekeza dola bilioni 1 kwa miaka 10 katika sekta hiyo, gavana akiwa Deval Patrick. Lakini tusidanganyane. Chama kilikuta vyuo vikuu vipo, hospitali kubwa zipo, na fedha za utafiti za serikali kuu zinamiminika. Hakikuzaa sayansi yenyewe.

Kwetu ningeangalia Copenhagen kabla ya Boston. Mwaka 1997 vyuo, hospitali na kampuni za upande wa Denmark na wa Skåne, kusini mwa Uswidi, ziliunda chama kimoja cha eneo wanaloliita Medicon Valley. Daraja la Øresund lilikuwa bado linajengwa, likafunguliwa 2000. Nchi mbili, sarafu mbili, serikali mbili, na kwenye meza moja wenye kampuni wamekaa na hospitali na maprofesa. Vyama vyetu vingi vina wenye viwanda peke yao. Hospitali, ambayo ndiyo inayojua dawa gani imekosekana wodini, haialikwi.

Niseme ukweli, naona hivi vyama ni njia ya matajiri kupanga bei. – Mzee wa Tanga

Shikamoo mzee. Vinaweza kuwa hivyo, na ndiyo maana sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inakataza washindani kupanga bei na kula njama kwenye zabuni, na ile ya Kenya ya 2010 inavitaja vyama vya wafanyabiashara moja kwa moja. Mwanachama akianza kusema “zabuni ya MSD safari hii tuweke ngapi”, yaani ya Bohari ya Dawa ya serikali, anayejiheshimu ataomba pingamizi lake liandikwe kwenye muhtasari, kisha atoke nje. Kodi, viwango, mafunzo, jumla za sekta zisizotaja kampuni: hayo yazungumzwe mchana kweupe.

Dawa ya hapa ni ghali kuliko ya India. Kwa nini viwanda visinunue malighafi pamoja? – Mfamasia, Mwanza

Wazo zuri lenye mwiba. Viambata hai vya dawa zetu, yaani kile kinachotibu ndani ya kidonge, karibu vyote, vinatoka India na China, na kweli mnunuzi wa kilo chache halipi bei ya mnunuzi wa tani. Lakini chanzo cha kiambata kimeandikwa kwenye jalada la usajili la kila dawa. Viwanda vitano vinavyotengeneza parasetamoli vinaweza kuwa na wauzaji watano tofauti, na kubadili muuzaji ni maombi mapya kwa mamlaka, vipimo vipya, kusubiri kupya. Chama kianze na visivyomo kwenye jalada: vitendanishi (kemikali za vipimo vya maabara), glovu, huduma ya kusawazisha mizani na vipimo, bima, usafirishaji kutoka bandarini. Yakienda vizuri, washindani wataanza kuaminiana, na viambata vitafuata kidogo kidogo.

Jambo jingine ni mnunuzi. Bohari za serikali ndizo soko kubwa, na zikichelewa kulipa, riba ya benki inaingia kwenye bei ya kidonge.

Nasoma bayoteknolojia Dodoma. Nitapata kazi, au nihame? – Mwanafunzi

Kazi ipo, ila huenda si ile unayoiwaza. Viwanda vinatafuta watu wa udhibiti wa ubora, waandishi wa majalada ya usajili na mafundi wa mashine za kujaza na kufungasha. Pale Moshi, Chuo cha Famasia Kilimanjaro kimeendesha mafunzo ya famasia ya viwandani kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, yakiwavuta watu wa mamlaka na wa viwanda kutoka nchi kadhaa. Ulizia huko. Na chuo chenu kikishindwa kukupatia nafasi ya mafunzo kwa vitendo, kiandikie chama cha viwanda moja kwa moja.

Na chanjo je? – Msomaji, Kilifi

Afrika hutengeneza takriban asilimia 1 tu ya chanjo inazotumia. Lengo la Umoja wa Afrika ni asilimia 60 ifikapo 2040. BioNTech, kampuni ya chanjo ya Ujerumani, ilizindua kituo chake Kigali mwaka 2023, na 2024 Gavi, shirika la kimataifa la chanjo, ikaanzisha mfuko wa hadi dola bilioni 1.2 kwa miaka 10 kuwasaidia watengenezaji wa Afrika. Kwenye dawa kuna dalili nzuri zaidi: mwaka 2025 Global Fund, mfuko wa kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ilitangaza kununua kwa mara ya kwanza ARV za mstari wa kwanza, zile anazoanzishiwa mgonjwa, zilizotengenezwa Afrika, kutoka kiwanda cha Universal pale Kikuyu, Kenya, zikapelekwa Msumbiji. Nanyi Kilifi mna kiwanda cha sindano kinachotambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Chanjo bila sindano haimfikii mtoto, kwa hiyo mmeshaingia kwenye sekta.

Tuko watano wenye karakana za vifaa tiba. Tuunde chama chetu au tujiunge na kikubwa? – Arusha

Jiungeni kwanza. CTI, shirikisho la wenye viwanda Tanzania, lipo tangu 1991. Ombeni muwe na kundi lenu humo ndani, kama wenzenu wa dawa na vifaa tiba walivyo na sekta yao ndani ya KAM, chama cha wenye viwanda kule Kenya. Mtaokoa kodi ya ofisi na ugomvi wa katiba. Baadaye mkijitenga, ada ifuate ukubwa wa mauzo, kila mwanachama awe na kura moja, na mwenye karakana kubwa kuliko zote asiwe mwenyekiti wa kwanza. Mlipeni katibu, hata wa nusu siku, maana katibu wa kujitolea atawahudumia siku ambazo biashara yake imelala. Chagueni kazi moja ya mwaka wa kwanza na muiandike kwa sentensi moja. Mkutano wenyewe fanyieni karakanani kwa mmoja wenu. Ukumbi wa hoteli unakula ada ya robo mwaka.